Mgongo wa Nyumba

Siku dada yangu mkubwa alipokuja kutuambia kwamba wanajenga, nilikuwa nimekaa barazani kwa mama, hapo Kamalondo, nashona vifungo vya abakosi, lile koti la kuvaliwa bila tai, la bwana mmoja mwenye tumbo. Kwetu dada au kaka mkubwa unamwita yaya, nami sina jina lingine la kumwita hata leo. Yaya alivua viatu, akanywa kikombe kizima cha munkoyo ya mahindi bila kupumua, ndipo akasema:

"Mama, tunajenga. Haiko maneno tena. Kiwanja tuko nacho, njia ya kwenda Kasapa."

Mama akapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Mimi nikapiga makofi. Mimi ni mwepesi wa kufurahi. Hata habari ya mtu nisiyemjua kapata baiskeli hunichekesha.

"Na haiko nyumba ya kufunika kama kofia ya mupolisi," yaya akaendelea. "Bwana yangu anataka ya kisasa, kama zile za katikati ya mji. Huku juu flati, kama meza. Dirisha toka huku mpaka kule. Na klostra mbele, kwenye baraza."

Klostra ni yale matofali ya saruji yenye matundu, yanayopangwa yakawa ukuta unaopitisha upepo na mwanga, na kivuli chake hulala sakafuni kama kitambaa cha kufuma. Yaya alikuwa akichora matundu hewani kwa kidole. Sindano ikanichoma. Niliendelea kucheka, lakini meno tu ndiyo yaliyocheka.

Maana nyumba ile ilikuwa yangu.

Nieleze. Baba yetu alikuwa mpishi wa wazungu, katika moja ya hizo villa zilizojengwa mjini miaka michache kabla ya uhuru. Sisi tulikaa boyeri, vile vyumba viwili vya watumishi mwisho wa bustani. Nilizaliwa pale. Mama alikuwa akishinda sokoni na beseni lake la nyanya, akirudi jua likizama, na kutwa nzima mimi nilikuwa mtu wa baba na wa ile villa. Niliijua kwa nyuma, kama unavyomjua mtu unayetembea nyuma yake kila siku: mlango wa jiko, kamba ya nguo, bomba la jikoni, dirisha dogo la bafu. Mbele niliiona Jumapili tu, tulipozunguka barabarani kwenda misa. Hapo nilikuwa nasimama mpaka baba anivute mkono. Ukuta mweupe, vijiti vya chuma vyembamba vikishika paa la baraza kana kwamba paa halina uzito, klostra, na ule ukingo wa juu ulionyooka bila pembe, bila mgongo wa punda. Nyumba nyingine zote zilionekana zimevaa kofia. Ile ilikuwa imechana nywele.

Wazungu wale walipoondoka, villa ikapata bwana mwingine, naye akaja na mpishi wake. Tukahamia Kamalondo. Miaka michache baadaye baba akafa. Nilikuwa nimefika mwaka wa pili wa sekondari. Nikaishia hapo, nikaingia kwa mama mmoja mshonaji wa mtaa wetu kujifunza kukata na kushona.

Kukata nguo huanza kwa kuchora. Unachukua karatasi ya kaki, unachora kipande cha mbele, halafu kipande cha mgongo, halafu mikono. Basi na nyumba yangu niliichora hivyohivyo, saa za kupumzika: mbele karatasi moja, mgongo karatasi nyingine, nikazibana kwa pini. Bibi mshonaji akaziona siku moja.

"Hii gauni yako iko na madirisha?" akaniuliza.

"Iko na jiko pia, mama."

"Basi mwenye kuvaa atakuwa munene!"

Tulicheka siku nzima. Lakini jioni nilizikunja vizuri nikazilaza chini ya godoro, na kila nilipolala juu yake nilikuwa nimelala ndani ya nyumba ile.

Yaya hakuijua villa. Yeye kama kifungua mimba alipelekwa kwa nyanya yetu, huko Kamina, tangu alipoacha ziwa, kama wengi wa kwetu wanavyofanyiwa, na alikuja Lubumbashi akiwa msichana mkubwa, sisi tumekwisha kuhamia Kamalondo na baba yuko kaburini. Nilimwonyesha ile michoro mara moja. Alicheka sana. Mwaka uliofuata akaolewa na mtu wa kampuni ya shaba, mwendesha winchi kule kiwandani, mtu mzuri, mwenye viatu vinavyong'aa na shingo ngumu.

Sasa huyo shemeji yangu akaja mwenyewe, pamoja na yaya, Jumapili iliyofuata.

"Mudogo wangu," akasema, "banasema uko na plani."

Nilimtazama yaya. Yaya alitazama kuku wa mama.

"Ile njo uliicheka," nikamwambia.

"Nilicheka juu haikuwa na muntu ndani," akajibu. "Sasa mutakuwa bantu."

Niliingia chumbani. Nikainua godoro. Nilipiga magoti pale muda mrefu kuliko mtu anayetafuta karatasi mbili. Halafu nikachomoa pini, nikarudisha mgongo chini ya godoro, nikatoka na mbele peke yake.

Shemeji akaifungua juu ya magoti. Macho yake yakapanuka. "Eee, hii kabisa! Ile ya kona, yenye miti ya jakaranda! Mimi napita pale kila siku na baiskeli." Akageuza karatasi, nyuma palikuwa patupu. "Iko hii tu?"

"Iko hii tu," nikasema.

Sitaki kujifanya mbaya kuliko nilivyokuwa. Sikufikiria paa, wala mvua, wala hasara ya mtu. Nilifikiria hivi: wanachukua uso wake, sawa, lakini kuwe na upande mmoja ambao haujengwi na mtu mwingine. Kama mtoto anayetoa embe lakini anashikilia kokwa. Usiku ule sikulala vibaya. Nililala kama mshindi.

Walianza mara mvua zilipokwisha. Kiwanja kilikuwa na kichuguu kikubwa, kirefu kuliko nyumba yenyewe itakavyokuwa, na kila anayejenga kwetu anaomba kiwanja chake kiwe na kichuguu, maana udongo wa mchwa ndio tofali. Walikivunja kwa piki, wakaulowesha udongo, wakaukanyaga, wakajaza vibao vya kutengenezea matofali, wakayaanika chini ya majani, halafu wakayapanga kuwa tanuru na kuyachoma kwa magogo siku nne. Kila Jumamosi, tulipomaliza salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka na kufagia mtaa, sitwayeni wote, yaani raia wote, tumeinama na mafagio, mimi nilikuwa nakwenda kwa miguu mpaka njia ya Kasapa kuwasaidia kuchota maji. Niliimba. Nilichekesha watu. Fundi mwashi, baba mmoja kutoka Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, mwenye sauti ya kuitia treni, alikuwa akisema, "Mutoto huyu asipokuja, saruji haikauke."

Na ndani wivu ulikuwa unapanda nao, tofali kwa tofali. Kuta zilipofika kiunoni nilipima salon kwa hatua zangu nikakuta ni pana kuliko nilivyoichora, nikakasirika, kana kwamba wameninyang'anya hata upana nisiokuwa nao. Walipotia fremu za dirisha kubwa, chuma chembamba kilichochomelewa na mtu wa Kamalondo, nilisema "Eee, muzuri!" kisha nikaenda nyuma ya rundo la mchanga nikajifinya mkono. Siku walipoweka kizingiti cha mlango wa mbele nilijua ninalotaka. Nilisubiri kila mtu ageuke, nikaruka ndani, ili miguu ya kwanza kuingia kwa mlango ule iwe yangu.

"We! Toka!" yaya akapiga kelele. "Mi mwenyewe sijaingia!"

"Nilikuwa naangalia kama iko nguvu."

"Nguvu yako iko kwa midomo. Toka, utakuja kututembelea Jumapili, utapangusa miguu pale inje kama wageni."

Wote wakacheka, nami nikacheka zaidi yao. Neno lile "wageni" nilikwenda nalo mpaka nyumbani kama kijiwe ndani ya kiatu.

Ndipo ikaja siku ya paa. Kuta zilikuwa zimesimama, klostra imepangwa kwenye baraza, na juu kabisa, pande zote nne, fundi alikuwa amezungusha ukuta mfupi wa kuficha mabati, ili kutoka barabarani uone mstari ulionyooka tu, kama nilivyochora. Fundi akashuka ngazi, akajifuta uso.

"Patron," akamwambia shemeji, "maji ya mvula itapitia wapi?"

"Zile za mji zinapitisha wapi?"

"Sijue. Mi nilijenga nyumba za Kenya, za migongo miwili. Zile za wazungu sijapanda."

"Mi napita pale kila siku, fundi. Iko flati. Kama meza. Sasa kwenye plani kuko muteremuko?"

Fundi akaishika karatasi yangu kwa vidole vyenye saruji. "Kwenye plani hamuna."

"Bon. Fuata plani. Weka kashimo kamoja pale kwenye kona, inatosha."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao, ndoo kichwani, maji yakinidondokea shingoni; yaya alikuwa ameketi kivulini, anatutazama. Na pale pale nikamwona baba.

Kila mwaka, mvua zikikaribia, baba alikuwa akisafisha mfereji wa bati nyuma ya villa, maana maua ya jakaranda yaliuziba. Nyuma paa lilikuwa chini, karibu ungeligusa. Alikuwa akinipandisha mabegani, nami natoa majani yaliyooza kwa mikono na kuyatupa, na mbele ya macho yangu paa lote la villa lilipanda kwenda juu, kama daftari lililoegemezwa, mpaka kwenye ule ukingo wa mbele. Flati ilikuwa uso tu. Mtu wa barabarani angepita na baiskeli yake miaka ishirini asijue. Mzungu mwenyewe sijui kama alijua. Aliyejua ni mtoto wa boyeri. Na ule mteremko wote, na ule mfereji, nilikuwa nimeuchora, mstari kwa mstari, kwenye karatasi iliyokuwa chini ya godoro langu.

Nilitua ndoo. Nilifungua kinywa. Fundi akaniambia, "Lete ingine," nikaenda kuleta nyingine.

Nilinyamaza siku hiyo, nikanyamaza na wiki iliyofuata. Kila asubuhi nilijiambia leo, na kila asubuhi kitu kidogo ndani yangu kilisema: waache waone kama nyumba ni uso. Mabati yakaanza kupigiliwa, yamelala chali, ndani ya lile sanduku la kuta nne. Ilikuwa Oktoba, jua linapiga mpaka mbwa wanachimba vivuli, na kila alasiri mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa kule yanakotokea, yanatutazama, yanaondoka. Yaya alikuwa na mimba ya miezi saba. Alitaka kuhamia kabla ya mvua, azalie mle.

Jumamosi moja tulikaa wawili ndani ya kile kitakachokuwa chumba chake, tunakula bukari, ugali wa kwetu, na dagaa kwenye sahani moja. Mwanga uliingia dirishani, hakuna pazia, hakuna kioo bado. Akasema ghafla:

"Niambie. Kule boyeri, baba alikuwa anafanya nini na weye?"

Sijui kama nilikuwa na nia nzuri. Nafikiri nilitaka, mara moja, yeye ndiye aumie. Nikamwambia yote. Jinsi baba alivyonifichia ukoko wa keki ndani ya kitambaa. Jinsi alivyonipandisha mabegani kusafisha mfereji, miguu yangu kifuani kwake, na mimi naona paa lote likishuka kunijia. Nilisema hivyo hivyo: paa likishuka. Nilitamka siri yote ya nyumba, kwa mdomo uliojaa bukari, nikamngojea aruke.

Hakuruka. Alikuwa ameacha kula.

"Mi alinibeba mara moja," akasema. "Stesheni ya Kamina. Alikuja kutuona kwa nyanya, siku mbili tu. Akanibeba mpaka kwa treni, akanitua chini, akapanda. Sijue tena uso yake. Najua kofia tu."

"Yaya..."

"Unafikiri mi napenda sana hizi klostra? Mi nilikuwa nasikia kwa mama: villa, villa, villa. Weye ulikaa mule na baba. Basi na mi niko najenga yangu." Akacheka kidogo, akapangusa vidole. "Lakini haina baba. Kula, iko inapoa."

Nilikula kwa sababu sikujua mikono yangu ifanye nini. Nilimwambia habari ya paa na yeye alisikia habari ya mabega. Miezi yote ile nilikuwa nadhani wivu ni wangu peke yangu, nimeuzaa mimi, naufuga mimi. Kumbe alikuwa nao tangu zamani kuliko mimi, na wa kwake ulikuwa wa kitu kisichojengeka.

Jumatatu niliharibu blauzi ya mteja. Nilikata mikono miwili, yote ya kushoto. Bibi mshonaji akaitazama, akanitazama, akasema, "Weye, enda kwanza kule kichwa yako iko, halafu urudi." Nikapita nyumbani, nikainua godoro, nikaenda njia ya Kasapa nusu nakimbia.

Wote walikuwepo: fundi juu ya paa na nyundo, shemeji ametoka zamu ya asubuhi, yaya ameketi kwenye gogo kivulini, ameshika mgongo. Nilitandaza karatasi juu ya matofali, nikaweka mawe kwenye pembe.

"Hii njo mugongo," nikasema. "Paa haiko flati. Inaanza juu hapa mbele, inashuka mpaka huku nyuma. Hapa hakuna kaukuta. Hapa kuko mufereji."

Shemeji akainama. Alifuata mistari kwa kidole. Shingo yake ilikuwa inakakamaa.

"Ilikuwa wapi hii?" akauliza.

Nilifungua kinywa kusema kweli. Nilikuwa nimeitayarisha njia nzima. Lakini yaya akatangulia.

"Ilikuwa kwa mama," akasema. "Ilipotea kwa bitambaa. Njo nimemutuma aitafute."

Hakunitazama. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Minasema!" fundi akanguruma kutoka juu. "Minasema toka zamani, maji iko na akili, inatafuta njia! Leteni ndoo!"

Tukampandishia ndoo mbili za maji, akazimwaga. Sisi chini tukaingia ndani na kuinua vichwa. Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu kwenye maungio ya bati, juu kabisa ya chumba cha yaya, ukatokea mstari wa shanga, shanga zikanenepa, zikaanza kuanguka, mbili, tano, halafu sikuhesabu tena. Kashimo ka kona hakakutoa hata tone. Shemeji akapanda ngazi na viatu vyake vinavyong'aa, akasimama juu kule akitazama kidimbwi chake kimetulia, kinaonyesha mawingu. Aliposhuka alisema neno moja.

"Toeni."

Kwa mtu mwenye shingo ile, mimi nililiona neno lile ni kubwa.

Yaya akanisindikiza mpaka barabarani. Alitembea polepole, tumbo mbele, nami nilikuwa nataka barabara isifike.

"Ulikuwa unajua," akasema. "Siku ile fundi aliuliza. Ulisimama pale na ndoo."

"Ndiyo, yaya."

"Na siku bwana yangu alikuomba plani, ilikuwa wapi?"

"Chini ya godoro."

"Juu ya nini ulificha?"

Nilikuwa na maneno mengi. Lililotoka ni moja. "Wivu."

Alisimama. Lori la mchanga lilipita, likatufunika vumbi, na wote wawili tukangoja litue, kama watu walio kwenye foleni. Halafu akasema, "Nimekuficha kwa bwana yangu, hapana juu ya weye. Juu ya mama. Mama akijua, atalia. Sasa usikuje mpaka nikuite."

Aligeuka. Sikumfuata.

Waling'oa misumari, wakashusha ukuta wa nyuma tofali kadhaa, wakalaza upya mabati kwa mteremko, wakaning'iniza mfereji. Haya nimeyasikia kwa mama, ambaye alikuwa akirudi kutoka kule kila Jumapili na mapya. Salon imepakwa chokaa. Sakafu imetiwa rangi nyekundu na kung'arishwa kwa nta ya aina gani sijui. Wamehamia. Dirisha lina kioo, ukisimama mbele yake unajiona mzima. "Na weye juu ya nini hauende?" mama akauliza. Nikasema kazi ni nyingi, watu wanashonesha nguo za sikukuu. Mama akanitazama kama anavyotazama nyanya laini.

Mara mbili nilikwenda mpaka barabarani. Nilisingizia kuna gauni la mwanafunzi wa kampasi ya Kasapa la kupeleka, nikabeba na mfuko kweli, mtupu. Nilisimama ng'ambo. Mara ya pili ilikuwa jioni, jua limepita kwenye klostra na kutandika matundu yake barazani, na yaya alikuwa ameketi kwenye kiti katikati ya matundu hayo, ana mwanga usoni, ana mwanga tumboni. Nilisema moyoni ni nzuri. Nilisema moyoni ni yangu. Nilisema moyoni natamani mvua inyeshe, na sikujua natamani nini hasa, iingie au isiingie. Nikarudi Kamalondo na mfuko wangu mtupu.

Mvua ya kwanza ile ya kweli ilikuja Jumapili moja baada ya misa. Asubuhi hiyo mama alikuwa ameniambia, bila kunitazama, "Yaya yako anasema ukuje." Nilivaa nguo nikaivua nikavaa nyingine. Tulifika saa nane, mbingu imekuwa kama sufuria iliyoungua. Shemeji akatukaribisha kwa mikono miwili. Yaya alisema, "Karibu," neno hilo tu, la mgeni. Nikapangusa miguu nje.

Ikaanza. Mwanzoni kwa vidole, halafu kwa ngumi. Watu wanne ndani ya salon mpya tuliacha kuongea tukainua nyuso juu, kama watu kanisani wakati wa mageuzo ya mkate. Mabati yalinguruma. Upepo ulipita kwenye klostra ukitufikishia harufu ya udongo. Hakuna kilichoanguka. Shemeji akaenda chumbani, akarudi. Akaenda chumba cha pili, akarudi, anatembea kwa ncha za viatu. Halafu nyuma ya nyumba tukasikia maji yakishuka kwenye mfereji, yote kwa pamoja, sauti nene, ya raha.

"Inapita!" shemeji akapiga kelele kama mtoto. "Mama, kuya uone! Inapita!" Akamshika mama mkono, wakakimbilia mlango wa nyuma, mama anacheka, kilemba kimemwangukia sikioni.

Tukabaki wawili. Yaya ameketi, mimi nimesimama karibu na dirisha, ndani ya kioo najiona mzima, kama mama alivyosema, na nyuma yangu namwona yeye.

"Uko na wivu bado?" akauliza.

Ningeweza kusema hapana. Siku ile ilikuwa inafaa kusema hapana.

"Bado."

"Kidogo?"

"Sana, yaya."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa hesabu aliyoitegemea. "Bon. Na mi pia." Akapitisha mkono juu ya tumbo. "Siku ile ulinisimulia mabega ya baba, nililia usiku muzima. Bwana yangu alifikiri iko mutoto anakuja."

Nilitaka kucheka, nikashindwa, nikacheka. Naye alianza, mabega yakimtikisika, halafu ghafla akainua kidole.

"Sikia."

Tukasikiliza. Chini ya kelele yote ya mvua, upande wa jikoni, kulikuwa na sauti ndogo: to. Kimya. To. Tulikwenda. Kwenye pembe ya jiko, bati moja kati ya yale yaliyong'olewa lilikuwa limebaki na tundu la msumari wa zamani, na lami waliyoliziba nayo ilikuwa imeachia. Kama ningesema mapema wiki mbili, msumari ule usingepigwa pale kabisa. Wote wawili tulijua. Tone lilikuwa linajaa taratibu, linang'aa, linaanguka.

"Lete beseni," yaya akasema.

"Liko wapi?"

"Unauliza kama mugeni? Tafuta. Fungua makabati, angalia."

Nikaanza kufungua makabati ya jiko lake, moja baada ya lingine.